Nguzo ya uzio huliwa mguuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uzio wa mbao ambao mwenye nyumba anaweza kuujenga kwa mikono yake, na hasa namna nguzo za uzio huo zinavyouzwa. Wengi wetu tunaojenga huku Kibaha huhamia katika nyumba ambayo haijazungushiwa chochote, kwa kuwa ukuta wa tofali unataka msingi, nondo na saruji nyingi, na fedha zenyewe zimekwisha kwenye paa. Matokeo yake ni kwamba familia huishi miaka mingi bila sitara, na kila anayekatiza njia anaona nani anafua na nani amelala barazani. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na ua wa makuti, na wengine walipanda minyaa au michongoma. Sivibezi hata kimoja, lakini makuti yanachakaa upesi na michongoma huchukua miaka kabla ya kumsitiri mtu, ilhali mbao inasitiri siku ileile inapopigiliwa.

Miaka michache iliyopita niliamua kuujenga uzio huo mwenyewe upande wa kiwanja changu unaopakana na njia, wenye urefu wa mita 24. Nilinunua nguzo 11 za mkaratusi kwa muuzaji wa mbao wa kando ya barabara, ambaye sina haja ya kumtaja, na akanihakikishia kwamba zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Zilikuwa za kijani kibichi, nami nikaamini. Baada ya masika ya pili nguzo ya tatu kutoka getini iliinama, na nilipoisukuma kwa mkono mmoja ikavunjika usawa wa ardhi kama muwa uliooza. Nilikikata kipande kilichobaki kwa msumeno nikakuta ule ukijani una unene wa ganda la embe, na ndani mti ni mweupe, umejaa udongo wa mchwa. Nguzo saba kati ya zile 11 zilikuwa hivyo. Mbao zilizopigiliwa juu yake, ambazo hazikuwa na dawa yoyote zaidi ya rangi, zilikuwa nzima kabisa.

Jambo hilo lilinifundisha kuutazama uzio kuanzia chini. Sehemu ya nguzo iliyo juu hulowa mvua ikinyesha na kukauka jua likiwaka, na ile iliyo chini sana haina hewa ya kutosha. Kipande kinachoteseka ni kile cha karibu shubiri moja juu na moja chini ya uso wa ardhi, kwa kuwa hapo maji na hewa vinakutana, ukungu unaoozesha mti unastawi, na mchwa wanaotoka udongoni wanaanzia hapohapo. Kwa hiyo mtu anaponunua nguzo ya uzio, hasa ananunua dawa iliyomo katika kipande hicho, na akidanganywa katika dawa amedanganywa katika uzio wote.

Nguzo iliyotiwa dawa kwa haki hukaushwa kwanza, maana mti mbichi umejaa maji na hauna nafasi ya kupokea kitu kingine. Kisha hufungiwa ndani ya tangi refu la chuma, hewa ikanyonywa, na dawa ikasukumwa kwa shinikizo kubwa hadi izame katika nyama ya mti. Katika mkaratusi dawa hiyo huingia kwenye mti mweupe wa nje na hukomea kwenye kiini, hivyo nguzo halali ikikatwa huonyesha pete ya kijani iliyozunguka kiini chote. Nguzo iliyopakwa kwa brashi au kuchovywa kwenye pipa haina pete hiyo, ina ngozi tu. Mnunuzi asiridhike na kutazama ncha, kwa sababu ncha hunywa dawa kuliko sehemu nyingine. Aombe nguzo moja katika shehena ikatwe hatua moja kutoka mwisho, hata kama itambidi ailipie. Na akishaikata, upande uliokatwa aukalishe juu, asiuzike kamwe, kwa kuwa pale amewafungulia mchwa kiini kisicho na dawa.

Ninachowaomba wauzaji ni kuruhusu jambo hilo dogo la kukata bila kununa. Nazo mamlaka zinazosimamia ubora wa bidhaa ninaziomba zihakikishe kwamba nguzo za uzio zinazouzwa rejareja zina chapa ya aliyezitia dawa, aina ya dawa na mwaka, ili mwananchi wa kawaida awe na pa kuanzia anapolalamika. Hatuna upungufu wa miti, kwani Mufindi na Njombe zina misindano na mikaratusi kwa wingi, na lipo shamba la serikali la Sao Hill. Kinachokosekana ni uaminifu katika safari ya kutoka huko hadi kwenye kiwanja cha mtu.

Niliujenga uzio upya, na ninaeleza kwa kifupi kwa faida ya atakayejaribu. Kwanza nilikaa na jirani tukazitazama bikoni pamoja, tukavuta uzi kutoka moja hadi nyingine. Nguzo za futi 8 nilizipanda kila baada ya futi 8, futi 2 zikiwa ardhini, na chini ya kila moja niliweka kokoto ili maji yanywee badala ya kutuama. Zege lilikuwa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na uso wake niliuinua kidogo juu ya ardhi na kuuteremsha pande zote, ili mvua iikimbie nguzo. Pima maji haikutoka mkononi mwangu siku hiyo nzima, kwa sababu nguzo iliyopinda ndani ya zege haibembelezeki tena.

Mbao za msindano za inchi moja kwa sita, zenye urefu wa futi 12, hukatwa katikati na kutoa vipande viwili vya futi 6 bila kubaki taka. Mbao hizo hufika sokoni zikiwa bado na maji, na zikipigiliwa zikiwa zimebanana hunywea baada ya miezi michache na kuacha nyufa ambazo macho ya mpita njia huzipata mara moja. Suluhisho lake ni kuzipigilia kwa kupishana, moja upande wa ndani na inayofuata upande wa nje wa mbao za kulala zinazounganisha nguzo, kila moja ikiifunika jirani yake kwa inchi moja. Hivyo zikinywea hazifungui tundu, upepo unapita, na jirani naye anaona uso uleule ninaouona mimi badala ya kugeuziwa mgongo wa uzio. Mbao hizo zisiguse ardhi; vidole vitatu vya nafasi vinatosha.

Wapo watakaoshauri kuipaka miguu ya nguzo oili chafu ya magari, kama tulivyozoea. Mimi naipinga, kwa kuwa oili hiyo haizami ndani ya mti, na huoshwa na mvua kuingia katika udongo ambao wengi wetu tumechimba visima pembeni yake.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni vipande vinavyobaki. Dawa hiyo ya kijani kwa kawaida huwa na shaba, kromi na aseniki, na kwa sababu ya aseniki viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwa mbao nyingi za makazi kuanzia mwisho wa 2003. Ikiwa imezama ndani ya nguzo iliyosimama haina taabu kubwa, mradi mtu avae barakoa anapokata, anawe mikono kabla ya kula, na mchicha usipandwe mguuni pa nguzo. Lakini kipande hicho kikichomwa, sumu hiyo hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Siku niliyomaliza kazi, mama mmoja anayekaanga maandazi mtaani kwetu alikuja na ndoo kuomba vipande hivyo awashie moto alfajiri, na hakuna aliyewahi kumwambia chochote. Nilimpa matawi makavu ya mwembe, na vile vya kijani nikavifunga ndani ya kiroba. Nawasihi wauzaji wote wa nguzo wamwambie kila mnunuzi maneno hayo kabla hajapakia mzigo wake.

Msomaji wenu,
Kibaha, Pwani