Ndege ya kwenda Rwanda haikuzuiwa na Umoja wa Ulaya

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwasumbua kwa barua, lakini ile makala ya wiki jana kuhusu Waingereza na Umoja wa Ulaya imenishinda. Mwandishi wenu anadai walipiga kura ya kujitoa mwaka 2016 kwa kuwa hawapendi wageni, basi, akaweka nukta. Magazeti yao hayakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Kabla ya kura hiyo nilikuwa nikifanya kazi kwenye ghala la matunda huku Uingereza. Wakati wa chai mwenzangu mmoja, mtu mwema kabisa, akaniambia kwa hasira kwamba wakubwa wa Umoja wa Ulaya kule Brussels wamepiga marufuku ndizi zilizopinda. Mkononi alikuwa na ndizi, imepinda kama mundu, keshaimenya nusu! Nikamwambia, bwana, mimi nimezaliwa Bukoba, ndizi nazijua. Hiyo unayokula imeingiaje nchini? Akanijibu kwamba habari hiyo imo gazetini. Kanuni yenyewe kweli ilikuwepo, namba 2257 ya mwaka 1994, na ilikataa mpindo usio wa kawaida, lakini ndizi za daraja la pili ziliruhusiwa kuwa na kasoro za umbo, zikauzwa. Nani alijisumbua kuisoma? Boris Johnson, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alikuwa mwandishi wa gazeti la Daily Telegraph huko Brussels kuanzia 1989 hadi 1994, akituma vituko vya namna hiyo, na wenzake wakaiga kwa kuwa viliuza. Watu wamelishwa hayo zaidi ya miaka ishirini, kisha likapita basi jekundu la kampeni ya kujitoa, lililoandikwa kwamba Uingereza inaupelekea Umoja pauni milioni 350 kwa wiki, bila neno juu ya punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa wala fedha zilizorudi kwa wakulima wake. Mlitaka wapige kura vipi?

Mkidhani nayasingizia magazeti, itazameni Liverpool ninakoishi. Gazeti la The Sun liliwazushia uongo mashabiki wa soka wa hapa baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, na watu wakalisusia mpaka leo. (Jaribu kuliulizia dukani uone utakavyokatwa jicho.) Mwaka 2016 mji huu ulichagua kubaki kwa asilimia 58. Watafiti Florian Foos na Daniel Bischof walilichunguza jambo hilo, wakakuta kwamba kususiwa kwa gazeti hilo kulipunguza uhasama wa watu wa eneo hili dhidi ya Umoja wa Ulaya.

Sasa nanyi. Juni 2022, ndege ya kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ilipokwama, mliandika kwamba Umoja wa Ulaya ndio umeizuia. Hapana! Ilikuwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg, wala si ile ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg. Ya Strasbourg ni chombo cha Baraza la Ulaya, jumuiya nyingine kabisa, ambalo Uingereza ni mwanachama mwanzilishi tangu 1949 na hajatoka. Mlinakili mkanganyiko wa magazeti ya huku, mkatuletea kwa Kiswahili fasaha. Na ile picha ya Big Ben, mnara wa saa wa London, hata kwenye habari za Scotland, iliyotaka kubaki kwa asilimia 62, hamna nyingine?

Nashauri hivi: atakayeandika tena habari za Ulaya aandike kwanza kwa kalamu, simu ikiwa mezani kwa mhariri, mahakama ya Luxembourg ni ya nani na ya Strasbourg ni ya nani. Akishindwa, msimpeleke michezoni, huko wasomaji hawasamehe kosa. Mpeni ukurasa wa nyota.

Mhaya wa Liverpool,
Uingereza