Tembo na mng'ongo: tuhesabu na miche pia

Mhariri,

Kila mjadala wa tembo na miti unapozuka, picha ni ile ile: mng'ongo, ule mti wa matunda ya porini uitwao pia marula, umelala chini, mizizi juu, na hukumu imeshatolewa kwamba tembo ndiye mharibifu. Uharibifu huo ni wa kweli. Lakini anayetaka miti ya matunda ya porini iendelee kuwepo, hana budi kujua kwanza tembo analifanyia nini tunda.

Ng'ongo, yaani matunda ya mng'ongo, huanguka zikiwa bado za kijani na kuivia chini, tembo akaziokota kwa mkonga. Hazitafuni sana. Katika kilo 150 hivi za chakula anachokula kwa siku, tumbo lake halimeng'enyi hata nusu, kwa hiyo kokwa nyingi hutoka nzima. Ndani ya kokwa mna vyumba viwili au vitatu vya mbegu, kila kimoja na kifuniko chake kigumu. Kupita tumboni hulegeza vifuniko hivyo, na mche ukapata pa kutokea. Kokwa iliyobaki chini ya mti mama huchelewa kuota, na mara nyingi kindi na panya huiwahi. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, watafiti wamekadiria kwamba tembo anaweza kuifikisha mbegu umbali wa hadi kilomita 65. Kule Kibale, Uganda, mti wa msituni uitwao Balanites wilsoniana humtegemea tembo karibu peke yake, maana kokwa yake ni kubwa mno kwa koo za wanyama wengine.

Wanaootesha miche wanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Kusanya kokwa kwenye kinyesi wakati wa msimu wa matunda, mapema, kabla panya hawajazipasua. Ndani ya hifadhi, omba kibali kwanza. Vaa glovu, osha kokwa, zianike kivulini, kisha ziloweke usiku kucha. Panda kina cha sentimita mbili kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Tumia viriba virefu, kwa sababu mzizi mkuu huwahi kushuka, na ukigonga chini hujikunja na mche hudumaa baada ya kuhamishwa. Maji yakituama kokwa huoza. Kokwa moja ikitoa miche miwili, bakiza ulio imara. Hamishia shambani mvua zinapoanza, si zinapokaribia kwisha.

Kosa kubwa hufanyika baadaye. Mng'ongo una mti dume na mti jike, na huwezi kuitofautisha mpaka ichanue. Watu hukata dume kwa kuwa "hauzai", halafu wanashangaa majike yaliyobaki hayana matunda. Anayepanda mmoja au miwili anabahatisha. Panda kumi au zaidi pamoja, na uache madume kadhaa yasimame, nyuki wapate chavua ya kupeleka kwa majike.

Sasa nirudi kwenye mti ulioanguka. Mng'ongo mkubwa huvumilia kubanduliwa magome iwapo jeraha halikuuzunguka mti mzima na moto haukufuata. Moto ukiunguza sehemu iliyo wazi, wadudu hutoboa mbao na shina hudhoofika, hata upepo ukauangusha. Miche nayo huliwa na swala na kuunguzwa kila mwaka, haipati nafasi ya kurefuka. Ndiyo maana naomba wanaopima uharibifu wahesabu miche pia, na waandike kama eneo liliungua. Wapime vilevile umbali wa kila mti kutoka kwenye maji. Kisima kilichochimbwa kwa ajili ya wanyama huwaweka tembo mahali pamoja hata kiangazi, wakati ambao wangehama na kuipumzisha miti. Kruger ilifunga visima vingi vya aina hiyo. Kwa maoni yangu, hilo lingetangulia kabla ya kuzungumzia kupunguza tembo.

Kwa miti michache yenye thamani ya pekee, kuna kinga. Wavu wa waya uliozungushiwa shina huzuia kubanduliwa magome, ila hauzuii kusukumwa wala kuvunjwa matawi. Mizinga yenye nyuki ikining'inizwa kwenye matawi hufanya kazi zaidi, kwa kuwa tembo huogopa kuumwa kwenye mkonga na kando ya macho. Ila kiangazi kikikaza nyuki huhama, hivyo anayetundika mizinga awawekee maji karibu na aikague mara kwa mara.

Wako,
Mtunza kitalu cha miti ya asili