Barua ya wazi kwa mbunge wangu: nionyeshe ukurasa wenye maoni yetu

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya msimu. Jina lako sitalitaja. Wanaokufahamu watakutambua, na kama kuna wengine watakaodhani nimemwandikia mbunge wao, basi waichukue barua hii iwe yao.

Kilichonifanya niandike ni maneno yako redioni juzi. Mtangazaji alikuuliza kuhusu mikataba ya biashara inayotiwa saini na mataifa ya nje, nawe ukajibu, bila hata kupumua, kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu.

Kikamilifu! Mheshimiwa, kikao kimoja cha namna hiyo nilihudhuria mimi mwenyewe, kuhusu Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, ule wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya. Tangazo lilibandikwa ukutani jioni ya kuamkia siku yenyewe. Maafisa waliokuja hawakutuambia vizuri wametoka ofisi gani. Mkataba wenyewe hawakuja nao. Walikuja na karatasi mbili za Kiingereza, wakazisoma mbio, wakauliza kama kuna swali. Mzee mmoja akainua mkono, akaambiwa muda umekwisha. Kisha tukapanga foleni ya nauli, na kila aliyepokea akatia saini. Ninashuku, na unisahihishe kama nimekosea, kwamba saini zile za nauli ndizo siku hizi zinaitwa maoni ya umma.

Nikukumbushe jambo ambalo bila shaka unalijua kuliko mimi, maana ndiyo kazi unayolipwa kuifanya. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ambao Kenya imeuridhia unakuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hiyo unapoinua sauti kusema "ndiyo" kwa mkataba, umenitungia sheria mimi, na aliyekaa nawe mezani kuiandika ni mtu wa nchi nyingine. Ndiyo maana Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 2012 kuhusu kutengeneza na kuridhia mikataba. Sheria hiyo inataka waraka unaopelekwa kwa Baraza la Mawaziri ueleze kama mkataba unakubaliana na Katiba, utagharimu nini, utagusa kaunti vipi, na umma una maoni gani kuhusu kuuridhia. Ukifika Bungeni, kamati inayohusika lazima ihakikishe wananchi wameshirikishwa. Mmepewa hata uwezo wa kuukubali mkataba huku mkiweka masharti kwa baadhi ya vipengele. Meno mnayo, Mheshimiwa. Nashindwa kuelewa mbona mnakula uji tu.

Mimi ni mkulima wa mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani ambayo sisi tunaoyalima hatuyali. Yanapanda ndege kwenda Ulaya. Tangu Ulaya ilipoongeza ukaguzi wa maharagwe na njegere za Kenya mwaka 2013 kwa sababu ya mabaki ya dawa, kila tunapovuna tunavuna na hofu. Msimu uliopita mzigo wangu ulirudishwa. Mnunuzi alisema una dawa isiyotakiwa huko. Sikupewa karatasi ya vipimo wala senti, na pembejeo nilikuwa nimezichukua kwa mkopo ambao bado naulipa. Mwanangu wa sekondari alirudishwa nyumbani kwa karo. Yale maharagwe tuliwapa ng'ombe.

Sasa sikiliza ajabu yake. Zipo dawa za mimea zilizopigwa marufuku mashambani Ulaya, lakini viwanda vya huko huko vinaendelea kuzitengeneza na kuziuza kwetu. Zinapatikana dukani kwa wazi. Kwa hiyo dawa inatoka Ulaya ikiwa halali, inapita kwenye mapafu yangu na kwenye maji ya mto, halafu ikirudi kwao juu ya haragwe inakuwa sumu. Mlaji wa huko amelindwa na sheria yake. Mimi niliyebeba pampu mgongoni nimelindwa na nani? Kifungu cha 42 kinanipa haki ya mazingira safi, na cha 43 haki ya afya na ya kutokuwa na njaa. Bunge haliwezi kusema halikujua, kwa sababu mwaka 2019 Gladys Shollei, akiwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha humo humo ombi la kutaka dawa hizo ziondolewe. Mlilisikia. Miaka ikapita. Kisha mkaletewa mkataba baina yetu na hao hao wenye viwanda. Nafasi gani nyingine mlikuwa mnaingoja ya kuwauliza swali hilo moja?

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Najua kwa nini Kenya ilikimbilia Mkataba huu wa Ubia wa Kiuchumi. Majirani zetu kina Uganda na Tanzania wamehesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, basi bidhaa zao zinaingia Ulaya bila ushuru hata wasipotia saini. Sisi hatumo kwenye hesabu hiyo. Oktoba 2014 mazungumzo yalipochelewa, maua yetu yalitozwa ushuru hadi Desemba, na wenye mashamba makubwa wakapiga kelele zikasikika hadi Brussels. Mishiri yangu pia inafaidi soko hilo. Naambiwa hata mna sura nzima humo ndani kuhusu haki za wafanyakazi, usawa wa jinsia na tabianchi. Vizuri. Ila nimeambiwa na nani? Na binti ya dada yangu aliye chuoni, aliyeupata mkataba kwenye tovuti ya Wazungu. Upande wao waliuweka wazi usomeke. Mimi ninayefungwa nao nikaletewa karatasi mbili.

Tena ni mkataba mrefu wa umri kuliko viti vyenu. Kenya itafungua soko lake kwa zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za Ulaya, hatua kwa hatua, kwa miaka 25. Kuna bidhaa zilizotengwa zisiguswe, ila usiniulize kama nyanya zangu zimo, kwa sababu hakuna aliyenifafanulia orodha hiyo. Miaka 25, Mheshimiwa! Wewe utakuwa umestaafu na marupurupu yako.

Wala usiseme hamkuonywa. Wakulima wadogo walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2007 kupinga namna mazungumzo haya yalivyokuwa yakiendeshwa, wakisema riziki yao inauzwa bila wao kuwepo. Ilichukua hadi 2013 kupata hukumu, na mahakama ikaiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wadau, wakulima wadogo wakiwemo, na kuchochea mjadala wa umma. Mjadala huo ulifanyika wapi? Saini ilitiwa Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, wakati watu wanatafuta magari ya kwenda Krismasi. Mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, siku sita tu baada ya ile Juni 25 ambayo vijana wetu walipigwa risasi nje ya Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Nchi ilikuwa matangani. Nani angekuwa na macho ya kutazama ushuru wa forodha? Sisemi ilipangwa hivyo. Nasema ilitokea hivyo, na hamkuona haja ya kuturudia baadaye mtueleze.

Na safari haijaisha. Mkataba huo huo umeacha mlango wa mazungumzo mengine kuhusu huduma, uwekezaji na hakimiliki. Hilo neno la mwisho linanitia baridi, kwa sababu hakimiliki ni haki ya kumiliki kilichobuniwa, na kwa mkulima maana yake ni mbegu. Tuliishi miaka na sheria iliyoweza kumfunga mtu miaka miwili au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo Novemba 2025. Kile ambacho mahakama imetuondolea kisirudishwe kwa mlango wa mkataba huku wewe ukisinzia. Januari 2025 tukaona tena picha kutoka Abu Dhabi, saini ya mkataba mwingine wa biashara, na Falme za Kiarabu, ambako mabinti wa eneo bunge hili wanafanya kazi za ndani, na ambao simu zao za usiku unazijua kwa sababu wazazi huja kwako kulia. Uliuliza lolote kuhusu hao?

Nilikusudia kukuomba mengi. Kwamba kila mkataba wa biashara upimwe kwanza utafanya nini kwa haki za watu, kabla ya saini, kama alivyopendekeza Olivier De Schutter mwaka 2011 alipokuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya chakula. Kwamba mkataba uletwe kwa Kiswahili. Kwamba kamati ije na nakala kamili na ikae hadi swali la mwisho liulizwe, hata giza liingie. Wakati wa kampeni uliahidi, ukiwa umesimama juu ya gari, kwamba hakuna sheria itakayopita bila wewe kurudi kutuuliza. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Lakini nimechoka kuomba mengi, kwa hiyo nitaomba kimoja. Sheria inataka waraka ule uwe na maoni ya umma. Wewe umesema redioni tulishirikishwa kikamilifu. Basi ukurasa upo. Nakuomba unionyeshe. Sitaki semina, sitaki fulana, sitaki nauli. Nataka ukurasa uleule ulioandikwa maoni yetu kuhusu mkataba wa Ulaya: nani alisema nini, wapi, na alijibiwa nini. Kama jina la yule mzee aliyeinua mkono limo, nitakuomba radhi hadharani, redio ile ile.

Kama ukurasa haupo, sema haupo, na usipige kura kwa mkataba mwingine hadi uwepo. Ofisi yako ya eneo bunge inajua ninapopatikana. Huwa mnanipata bila shida mwaka wa uchaguzi ukifika.

Wako kwa heshima,
Mkulima wa mishiri na mpiga kura wako