Vipindi vya nadharia msivilale

Wanangu mnaokwenda kusomea filamu Karibiani,

Ama baada ya salamu, nimesikia mmegawana safari. Wengine Trinidad, kwenye kampasi ya St. Augustine ya Chuo Kikuu cha West Indies. Wengine Kuba, shule ya San Antonio de los Baños. Hongereni. Nimeusikia na mzaha wenu, kwamba vipindi vya kamera mtavikesha na vya nadharia mtavilala.

Siwalaumu. Mimi nilianza kuhariri enzi za kukata mkanda kwa wembe na kuunga kwa utepe, na miaka mingi niliamini nadharia ni maneno ya watu wasiojua kushika wembe.

Aliyenivua ujinga huo ni Mkuba, Santiago Álvarez, kwa filamu yake fupi ya mwaka 1965 kuhusu mateso ya watu weusi Marekani. Haizidi sana dakika tano. Humo mna picha za kuganda, vipande vya mikanda na wimbo mmoja wa Lena Horne, basi. Niliirudisha mara nne nikitafuta ufundi uliofichwa. Sikuuona. Mikato yake hata mimi ningeiweza. Nisichokiweza ni kujua kwa nini uso huu ukae kando ya uso ule. Alikuwa amelifikiri hilo kabla hajagusa mkanda, na kufikiri huko ndiko mnakotaka kukulalia.

Huko mwendako walioandika nadharia mikono yao ilikuwa na vumbi la kazi. Julio García Espinosa alikuwa mwongozaji, tena mmoja wa waasisi wa shule ya San Antonio mwaka 1986, pamoja na Fernando Birri na Gabriel García Márquez. Mwaka 1969 aliandika kutetea sinema isiyokamilika. Ule ukamilifu tunaouhusudu sote, alisema, karibu kila mara huwatumikia wasiotaka mambo yabadilike. Msomeni polepole, na msimgeuze kibali cha uvivu: sauti inayokwaruza inakwaruza tu, iwe ya mapinduzi au ya harusi.

Shule hiyo ilikusudiwa vijana wa Amerika ya Kilatini, Karibiani, Afrika na Asia, kwa hiyo msikae nyuma kama waalikwa. Ila hufundisha kwa Kihispania. Anzeni leo, si uwanja wa ndege.

Nyie wa Trinidad, yatafuteni maandishi ya Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni, mwana wa Jamaika. Anasema sisi ni nani si jambo lililokwisha ambalo kamera inalipiga picha tu. Filamu yenyewe ni mahali tunapoendelea kuumbika. Mtoto wa Mombasa au Ujiji, mwenye mababu wa kila upande, hilo ataliona nyumbani kwao.

Mkija likizo, njooni na madaftari ya nadharia. Nitayasoma kwanza, ndipo mniwashie filamu zenu.

Mzee wenu wa chumba cha kuhariri