Tusinunue trekta kwa kuangalia HP tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wakulima wenzangu wanaojikusanya kununua trekta kabla msimu haujaanza, maana kila mtu swali lake ni moja tu, ina HP (nguvu za farasi) ngapi? Mimi ni dereva, nalima huku Kibaigwa na Kiteto, na HP peke yake haikuambii trekta itakulimia vipi.

Chukua hizi mbili watu wanazobishania sana, Massey Ferguson 375 na John Deere 5075E. Zote zinaandikwa HP 75. Massey ana injini ya Perkins ya silinda 4, lita 4 na kidogo, haina tabo (turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini). John Deere ana silinda 3, lita 2.9, ila ana tabo, na watu wakisikia silinda tatu wanaidharau palepale. Kwenye tambarare Massey anavuta jembe la sahani tatu taratibu bila shida na fundi wa kijijini anaifungua akiwa shambani kwako. Ila ipandishe Njombe kunakokaribia mita 2,000, huko hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 kila mita 1,000, kwahiyo ile 75 uliyolipia inakaribia 60, mwenye tabo anapungukiwa kidogo tu. Tabo nayo inataka oili safi na uiache injini iungurume kidogo kabla hujazima, na hili madereva wengi hatuambiwi na bosi anaona dizeli inaungua bure.

Alafu hiyo 75 ni ya injini! Inayofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ni pungufu, mara nyingi kwa asilimia 10 mpaka 20, na mashine ya kupukuchua au rotoveta ya kusaga udongo inakula nguvu ya PTO.

Gia ndo watu hawaulizi kabisa. Massey 375 ya kawaida ina 8 mbele na 2 nyuma. 5075E inakuja na 9 na 3, au 12 na 12 yenye wenzo karibu na usukani wa kugeuza mbele na nyuma, hukanyagi klachi. Kwa mwenye shamba kubwa unaenda moja kwa moja haina tofauti kubwa, lakini sisi tunaolimia watu vipande vya eka moja, eka nusu, siku nzima ni kugeuza tu, goti la kushoto linajua. Na usihesabu gia zote, uliza ziko ngapi kati ya kilomita 4 na 12 kwa saa maana ndipo kazi nyingi za shamba zilipo. Wenzetu wa mpunga Mbarali wanaotumia rotoveta wanataka hata chini ya hapo, PTO izunguke mara 540 kwa dakika huku tairi zinatambaa, kama hakuna gia ndogo udongo unabaki mabonge.

Kebini sasa. Kebini yenye AC ni nzuri sana kwa vumbi na kelele, ila AC ikifa Dodoma mwezi wa kumi mle ndani ni tanuri, kwahiyo usinunue kama hakuna fundi wa AC karibu. Lakini lile fremu la chuma la kumkinga dereva trekta ikipinduka, na mkanda wake, hilo sio anasa. Kanopi ya bati ni ya jua, haizuii chochote, na naumia nikiona trekta mpya inashushwa haina fremu eti imepunguzwa bei. Siti yenye springi inayorekebishwa kwa uzito wa dereva nayo muhimu, na gia ziwe pembeni sio katikati ya miguu, mtu anakaa pale kuanzia alfajiri mpaka usiku msimu ukikolea.

Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo ukiandika habari za matrekta msiweke bei na HP tu, wekeni na nguvu ya PTO, idadi ya gia na kama ina fremu. CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha zana za kilimo pale Arusha, kazi yao mojawapo ni kupima mitambo ya kilimo, waulizeni majibu yao mtuchapishie kabla watu hawajasaini mikopo.

Dereva wa trekta,
Kibaigwa, Dodoma