Tuzo za muziki zimtafute na mtunzi asiyepanda jukwaani

Ndugu Mhariri,

Desemba iliyopita nilikwenda Mtwara mjini kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wangu. Wakati wa kutoa zawadi, dijei aliweka wimbo ulioinua ukumbi mzima. Mdundo ulikuwa wa kinanda na kompyuta, lakini maneno niliyajua tangu neno la kwanza. Ni wimbo wa bibi mmoja wa kijiji cha jirani na kwetu hapa Newala, kungwi, aliyeutunga miaka mingi iliyopita siku mjukuu wake alipotolewa unyago. Nilikuwepo siku hiyo. Sauti yake ilikuwa mbele, na sisi wanawake tukiitikia. Basi nikamfuata dijei nikamuuliza wimbo ni wa nani. Akanitajia jina la kijana aliyeuimba. Nikamuuliza aliyeutunga. Akatazama kwenye kompyuta yake, akasema, "Mama, hapa limeandikwa jina la msanii tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuzo za muziki nchini tunazo tangu 1999, na wengi tulizizoea kwa jina la Kili. Baada ya 2015 zilinyamaza. Ziliporudi 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, nilifurahi kwa moyo wote, na hadi leo nawaombea heri waandaaji wake. Ninachoomba ni mtunzi apewe heshima yake peke yake, na atafutwe huko aliko. Hata pale kipengele cha mtunzi kinapowekwa, anayeonekana kwa urahisi ni mtunzi anayeimba mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye jina redioni. Aliyetunga akampa mwingine aimbe, au aliyetunga wimbo ukachukuliwa bila yeye kujua, atafikaje? Bibi yule hana rekodi, hana simu janja, na hajui kwamba kuna mahali pa kupeleka jina lake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwaya nimefundisha zaidi ya miaka 30. Kwenye kwaya tumelelewa vingine. Karatasi ya nota huja na jina la mtunzi juu pembeni, mara nyingi na tarehe na mahali alipoutungia wimbo. Ninazo za miaka ya themanini ambazo zimechakaa hadi mstari wa besi hausomeki, lakini jina la mtunzi lipo. Kabla sijawapa waimbaji sauti ya kuanzia, huwasomea kwanza jina hilo. Sikuwahi kuliona kuwa jambo kubwa mpaka siku ile ukumbini.

Wako watakaosema wimbo ukishaimbwa na watu wengi ni wa watu wote. Wimbo wetu wa taifa nimeuimbisha mstarini kwa miaka yote ya kazi yangu, na nimestaafu bila kukutana na mwanafunzi hata mmoja aliyelijua jina la mtunzi wake kabla sijamtajia. Muziki ule ulitungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, Afrika Kusini. Nyimbo zake alikuwa akiziandika kwenye daftari. Alifariki 1905 angali kijana, daftari likaazimwa huku na huku hadi likapotea. Hata kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi sana. 1996 ndipo Rais Nelson Mandela alipozindua mnara wa kumbukumbu yake. Huyo ni mwalimu mwenzangu, wa kwaya kama mimi. Kila ninapomkumbuka naumia.

Wenzetu wamelifanyia kazi jambo hili. Uingereza wana tuzo za Ivor Novello tangu 1956, zilizopewa jina la mtunzi wa nyimbo aliyezaliwa Cardiff. Ni za watunzi wa maneno na wa muziki, na majaji ni watunzi wenzao. Marekani nako, Grammy ya wimbo wa mwaka imekuwa ya mtunzi tangu 1959, na bado waliona haitoshi. 2023 wakaanza kumtuza mtunzi wa mwaka, ili wale wanaowatungia wengine nao waonekane. Mimi ninalolipenda zaidi ni hilo la mtunzi kupimwa na watunzi. Kura za simu zinatuonyesha nani ana mashabiki wengi, na hilo lina nafasi yake. Lakini mtunzi mwenzako ndiye anayejua ilivyo kazi kupata kiitikio ambacho watu mia watakidaka mara ya kwanza bila kufundishwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, inampa haki ya kutajwa, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, ipo.

Kinachotukwamisha huku kusini ni neno "asili". Wimbo ukitungwa kijijini, tena kwa kilugha, mtu wa mjini huuita wa asili, na ukishaitwa hivyo hauna mwenyewe. Anayeutaka anaingia nao studio. Naomba nieleweke hapa. Nyimbo za ndani ya unyago siziombei tuzo wala redio. Hizo zibaki kwa wenyewe. Nasemea za nje: za siku ya kutoka mwali, za sindimba, za msimu wa korosho, za kampeni ya chanjo, za kumpokea mgeni wa serikali. Hizo watunzi wake tunawafahamu. Kijijini hata mtoto atakwambia huu ni wa bibi fulani, ule ni wa marehemu fulani wa Kitangari. Kama wimbo umetoka kwa mababu na hakuna anayejua ulianza kwa nani, sawa, uandikwe ni wa Wamakonde, au wa Wamakua, wa Wayao, wa Wamwera, na mahali ulipotoka patajwe. Lakini mtu yu hai, anapalilia mikorosho yake, na wimbo wake unapigwa harusini kama kitu kilichookotwa njiani! Hilo siwezi kulinyamazia.

Kwa hiyo nawaomba BASATA wawatume maafisa utamaduni wa wilaya wawaulize viongozi wa vikundi vya ngoma na kwaya: nani katunga? Wapokee sauti iliyorekodiwa kwa simu ya kawaida, pamoja na ushuhuda wa wanakijiji. Waanzie hata kwenye matamasha kama la Makuya hapa Mtwara, jina linalotokana na Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako vikundi hukusanyika mahali pamoja. Na kwenye meza ya majaji wawepo watunzi wa kwaya, wa taarabu na wa ngoma pamoja na hao wa Bongo Fleva.

Niliporudi Newala nilikwenda kwa bibi nikamweleza yaliyotokea. Sasa amepita miaka 80. Hakukasirika. Aliniuliza kama waliuimba mpaka ubeti wa mwisho. Nikamwambia hapana, waliishia wa pili. Akakaa sawa kwenye mkeka, akaniimbia wote, beti tano, nami nikaandika. Tangu hapo kila Jumamosi natembelea watunzi wa vijiji vya karibu, na kaunta buku langu limekaribia kujaa: maneno, nota, na juu pembeni jina la mtunzi na kijiji chake. Nimelitoa kivuli mara mbili. Nakala moja iko kwa mwanangu Masasi, nyingine kwa mwalimu anayefundisha kwaya baada yangu.

Afisa atakayetumwa aje mwezi wa Juni, shule zikifungwa, mabinti wanapotolewa. Watunzi atawakuta uwanjani, nami nitamwonyesha mmoja mmoja.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara