TB iliisha, pumzi haikurudi

Mhariri,

Kila Machi 24, Siku ya TB Duniani, tunaambiwa yale yale: dawa ni za bure, TB inatibika, usikatize dozi. Sina ubishi. Nimeugua TB mara mbili, nikatibiwa bure mara zote mbili, nikapona. Nikichelewa kliniki siku moja tu, simu inalia. Mhudumu wa afya ya jamii alipanda ngazi hadi chumbani kwangu hapa Huruma kuhakikisha nimemeza vidonge. Ninalouliza ni hili: mwezi wa sita ukiisha, mgonjwa akaandikiwa kuwa amepona na kadi ikafungwa, mapafu yaliyokwisha kuharibika yanaachiwa nani?

Maana yangu yaliharibika. Mwaka mmoja baada ya dozi ya pili nilikuwa siwezi kufika ghorofa ya nne bila kuketi mara mbili njiani, na hapo sijabeba hata mtungi wa maji. Watoto wa ploti walinizoea, wakawa wananiruka pale kwenye ngazi wakisema, "Pole, guka," yaani babu. Nina miaka 52.

Nilienda zahanati. Toa makohozi. Yakapimwa, hakuna TB, chukua antibiotiki, nenda nyumbani. Baada ya wiki chache nimerudi, tena makohozi. Nina karatasi saba za kuthibitisha kwamba sina TB, na sikuwa na hata moja ya kusema nina nini. Katika kliniki moja ya kulipia, daktari alitazama picha ya kifua akataka kunianzishia dawa za TB mara ya tatu, eti ameona makovu. Ataacha kuyaona vipi, na mimi nimeugua mara mbili?

Rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa mapafu niliipata kwa kulalamika, kisha nikangoja miezi mitano. Siku yenyewe ilipofika, kipimo kilichokuwa kimenikwepa miaka miwili kilichukua chini ya saa moja. Kijana mmoja alinibana pua kwa kibanio cha plastiki, akanipa mrija wa karatasi uliounganishwa na kifaa kidogo na kompyuta. Vuta hewa yote, akaniambia, halafu itoe kwa nguvu na usiache. "Puliza, puliza, puliza, bado, mzee, bado!" Alipiga kelele utadhani yuko uwanja wa mpira wa Nyayo. Nilipuliza hadi machozi yakanitoka. Nikarudia mara tatu, nikavutishwa dawa ya kufungua kifua, nikakaa dakika 15, tukaanza upya. Hewa niliyoitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa asilimia 47 ya ile anayotarajiwa kutoa mtu wa umri na kimo changu.

Kifaa hicho kinaitwa spiromita. Daktari alinieleza kwamba vijidudu vya TB vilikufa, lakini pafu lilipona likabaki na makovu, na njia za hewa zikabaki zimebana. Huo ni ugonjwa wa kudumu na hauambukizi. Natamani hilo la mwisho ningelibandika mgongoni, kwa sababu nikikohoa ndani ya matatu dirisha linafunguliwa na jirani anahama kiti.

Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba inhela, kile kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, niliyokuwa nikinunua kemisti nilikuwa naitumia vibaya. Nilikuwa najipulizia mdomoni kama mtu anayejipaka marashi, dawa inaishia kwenye ulimi. Nesi alichukua chupa ya plastiki ya nusu lita, akatoboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, akaniambia nifumbate shingo ya chupa kwa midomo, nibonyeze mara moja, nivute polepole, nishike pumzi nihesabu hadi 10. Chupa ya soda! Nimepewa pia mazoezi ya kutembea na ya kupumua. Sasa napumzika mara moja kwenye ngazi.

Hii si kazi ya hospitali kubwa peke yake. Spiromita inatosha juu ya meza, na anayeiendesha anahitaji mafunzo, si lazima awe bingwa. Ombi langu kwa idara ya afya ya kaunti ni kwamba kila hospitali ya kaunti ndogo iwe nayo, na kila anayemaliza dozi ya TB apulize kabla kadi haijafungwa. Aliyepungukiwa aandikishwe kliniki papo hapo, na inhela zipatikane humo humo. Mimi SHA, bima ya afya ya serikali, nalipa, lakini inhela zangu bado nanunua kwa pesa za mfukoni.

Sisi si wageni wa mambo haya. Mapema miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, pamoja na wa Uganda, Tanzania na Zambia, walishiriki majaribio yaliyosaidia kuonyesha kwamba TB yaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka mmoja na nusu. Dunia nzima imefaidika.

Wala hatuko peke yetu tuliougua TB. Kuna akina mama waliochoma mahindi na kukaanga samaki kwenye makaa miaka nenda miaka rudi, wavutaji sigara, na wanaoishi kwenye moshi wa jaa la Dandora. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa wa kuziba njia za hewa uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Hao nao huambiwa watoe makohozi, kisha waende nyumbani.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili anamaliza dozi yake mwezi ujao. Juzi nilimkuta ameketi kwenye ngazi, mahali pangu.

Fundi wa nguo,
Huruma, Nairobi